Bawabu Hanitoi Mbotela

Jumanne, 10 Juni

Umekuja. Ulikuwa wapi? Usijifanye, Ayuma. Najua kila ukija unangoja niingie jikoni, ndipo unalitoa daftari hili chini ya godoro na kulisoma. Lisome. Lakini kwanza uone haya. Kutoka Ziwani hadi hapa Mbotela si kuvuka bahari. Kuku wa jirani yangu Ndunge hutembea mbali zaidi. Tangu Pasaka sijaona hata kivuli chako. Ningekufa ungesikia redioni, pamoja na watu wasionijua.

Na huku mambo yameharibika. Mjomba wako Nyongesa amepiga simu. Jumapili anakuja na pikapu kunipeleka Kimilili. Si kutembea. Kukaa! Amenijengea chumba nyuma ya nyumba yake, chini saruji, dirisha linatazama zizi. Anasema nimezeeka. Nasahau. Naanguka.

Sikuanguka. Nilikuwa juu ya kibao cha kukalia nikifunga pazia, nikashuka haraka kuliko nilivyopanga. Basi. Aliyempigia simu kunichongea ni Ndunge wa mlango wa pili. Nani mwingine? Mwanamke yule hupiga pasi nguo za watu kutwa nzima, amesimama dirishani, macho kwangu. Nikipiga chafya anatangaza.

Kimilili ni kuzuri, sikatai. Ndizi, maziwa, hewa. Lakini huko sina adui hata mmoja. Mtu ataamkia nini?

Nikafikiri upesi. Nikamuuliza Nyongesa kama anamkumbuka Bawabu. Anamkumbuka sana!

Wewe humjui, hukuwa umezaliwa. Babu yako Luseno alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini. Ofisi ilipoleta mashine mpya, ile ndogo ya zamani wakampa yeye: kompyuta ya nyumbani, ukubwa wa sahani ya wali, vitufe vya mpira, unaiunganisha na televisheni. Mchezo wake uko ndani ya kaseti ya kawaida. Unaitia kaseti kwenye kinasa sauti, inalia kama nguruwe anayechinjwa, ukimaliza kuvumilia picha inatoka. Tulikuwa na mchezo mmoja tu, Bawabu, uliotokana na sinema ya kutisha ya siku zile. Bawabu wa hospitali anakufa, kisha anakataa kuacha geti lake. Anazunguka wodini na taa, anakamata kila anayetaka kutoka. Wewe ni nesi. Una tochi. Unaokota funguo, wodi hadi wodi, mpaka chumba cha mwisho chenye geti. Ukitoka, umeshinda.

Mimi sikuingia darasa hata siku moja. Herufi nilifunzwa na babu yako kwenye vitufe hivyo. O kushoto, P kulia, Q juu, A chini. Zilizobaki nilizifuata mwenyewe, kwa hasira. Lakini getini sikuwahi kufika. Mjomba wako naye, mtoto mdogo wakati huo, alikuwa akimwona Bawabu anaingia chini ya meza, na suruali inabadilishwa.

Nikamwambia hivi: Jumapili nitaucheza mchezo ule mbele yako. Nikitoka getini, mimi si mzee, nakaa Mbotela. Nikishikwa, napanda pikapu bila neno. Akacheka. Akasema sawa, Mama. Nadhani alidhani mashine iliuzwa kitambo kwa mtu wa vyuma vikuukuu.

Mashine iko juu ya kabati.

Jumatano, 11 Juni

Nimeiteremsha. Kwa kibao kilekile. Sikuanguka, na Ndunge aliona kwamba sikuanguka, na hilo hakumpigia mtu simu.

Vumbi la kulimia viazi. Mende amezaa kwenye kifuko cha kaseti. Nimempa notisi.

Mashine ikawaka! Kinasa sauti ndicho kilichokataa. Nikakifunga kwa leso nikakipeleka kwa Kadar, fundi wa redio kule Makadara. Kijana mpole, ana nywele za kutosha watu wawili. Alikifungua akakuta mkanda wa mpira umeyeyuka ukawa uji. Akatia mwingine. Kisha akasikiliza kaseti, akazungusha kiskurubu kidogo karibu na kile kichwa cha kinasa kinachosoma kaseti mpaka sauti ikawa kali. Akanionya kama mjukuu wangu. Alisema kaseti imezeeka, shosho, usiizungushe sana, siku moja itakatika.

Nikamjibu, "Mimi pia nimezeeka, na ninazungushwa kila siku."

Nilimwachia chapati.

Kurudi, Ndunge yuko mlangoni. Akauliza nimebeba nini. Nikasema dawa ya miguu. Akanusa. Akasema dawa hiyo anaifahamu, ina vitufe, na yeye aliimaliza.

Uongo huo una miaka mingi kuliko wewe. Ndunge anadai kwamba nilipokwenda mazikoni Kimilili, enzi hizo watoto wakiwa wadogo, aliingia kwangu kuazima chumvi, akakaa kwenye mashine, akamtoroka Bawabu. Shahidi wake ni babu yako. Na babu yako, kila nilipomuuliza, alicheka tu akaomba chai. Amekufa bila kusema. Nimemsamehe mengi, hilo bado.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya aibu. Naandika kwa kuwa nimeahidi kuandika yote.

Asubuhi nikaweka kaseti. Ikaanza kulia, televisheni ikatoa mistari ya rangi, moyo wangu ukawa wa msichana. Karibu picha itoke, taa ikafifia, mashine ikajisahau. Kimya. Nikaanza upya. Ikafifia tena. Nikachungulia nje: Ndunge anapiga pasi. Pasi yake ni ya zamani kama dhambi. Ikishika moto, umeme wa mstari wetu wote wa nyumba unazimia.

Nikaongeza sauti ili nimalize kabla pasi haijapata moto. Kosa. Akina mama wa maombi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, wakasikia ule mlio. Lydiah, kiongozi wao, akasukuma mlango. Wakaingia wote. Wakanizunguka. Lydiah akaweka mkono juu ya kichwa changu akaamuru kilichomo kitoke. Nikamwambia hakijaingia, bado kinapakia. Wakazidi.

Nikapiga magoti. Ungefanya nini? Nilikuwa naomba pia, kwa kweli. Niliomba Ndunge achoke.

Na picha ikatoka! Katikati ya amina. Jengo la hospitali, mwezi, na Bawabu mwenyewe, kijani, kofia, hana miguu. Mama mmoja akatoka mbio na kiatu kimoja. Lydiah alibaki, sikumtarajia. Akauliza nesi anaendeshwaje. Nikamwonyesha. Akafa wodi ya kwanza. Nami nikafa wodi ya kwanza. Vidole havisikii. Vinajua kukanda unga, kitufe kidogo vinakifinya kama kinyesi cha mbuzi.

Ndunge akapitisha kichwa dirishani, akasema pole, kuna baridi Kimilili, nifungashe sweta.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata mpango. Mpango safi!

Ndunge akiwa mbali, pasi imelala. Kwa hiyo asubuhi nikamwambia kwa huruma kwamba nimesikia kwa chifu wanagawa blanketi kwa wajane, na wanafunga mapema. Hakuna kitu kama hicho. Nimekibuni nikikoroga uji. Alivaa kitambaa chake cha kanisani akakimbia.

Nikacheza kwa amani. Vidole vimeanza kukumbuka. Nilivuka wodi ya watoto, nikavuka jikoni, nikafika chumba cha mashuka, ambapo Bawabu hutokea nyuma ya mlango. Pale ndipo nilipokuwa nikifia zamani. Nikampita! Nilipiga kelele nikaita Luseno. Kisha nikakumbuka.

Halafu nikaendelea, nikafa ngazini.

Ndunge akarudi saa ya chakula. Amebeba blanketi. Zito, jekundu, lina pindo la hariri. Kwa chifu walikuwa wanagawa kweli! Yamekwisha. Akanishukuru kwa moyo wote, akasema hakujua kwamba nampenda hivyo, akalianika kwenye kamba mbele ya mlango wangu lipigwe na upepo.

Sijala chakula cha mchana.

Jumamosi, 14 Juni

Kesho ndiyo siku. Nimefika mlango wa chumba cha mwisho na sijui la kufanya ndani yake. Nimeingia mara nyingi. Nikienda kushoto, ananishika. Kulia, ananishika. Nikimmulika kwa tochi, anakuja mbio zaidi. Na pasi ya Ndunge kesho? Yeye Jumapili hupiga pasi nguo za shule za watoto wa mtaa mzima. Akiiwasha nikiwa ndani, kwaheri Mbotela.

Kwa hiyo nilimeza kiburi. Kilikwama, nikateremsha kwa maji.

Nilichinja jogoo wa kumpokea mjomba wako. Sasa sikiliza, maana ninyi watoto wa Ziwani mnakula kuku aliyekaangwa nyuma ya kioo, hamjui. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Haigawanywi, haijadiliwi. Babu yako alipokufa, firigisi ikawa ya Nyongesa. Akiingia katika nyumba hii na kuku amechinjwa, sahani yake inajulikana hata na paka. Mwanamke anayesahau firigisi ya mwanawe, ujue huyo ameshaanza kuondoka duniani, mwili umebaki nyuma kufunga milango.

Nikaichukua firigisi. Nikaipika na kitunguu na dania. Nikaifunika kwenye bakuli langu la maua, nikampelekea Ndunge.

Nilimwambia namletea kitu ambacho sijawahi kumpa mtu yeyote asiye wa damu. Akafunua. Akauliza ni nini. Mkamba wa watu, hajui! Mumewe alikuwa mchonga vinyago, naona walikula na kuku mwenyewe wa mti. Nikamweleza heshima yake. Akaguswa kidogo. Tukapatana. Kesho pasi haitawaka mpaka nimalize. Na ataniambia siri ya chumba cha mwisho.

Akavuta kiti. Akatazama nje kama kuna polisi. Akasema, "Mama Nyongesa, ukiingia mle, toa mikono vitufeni. Usiguse kitu. Bawabu atakuja mpaka puani, atakutazama, atapita, geti litabaki wazi."

Nikamuuliza ndiyo hiyo tu. Ndiyo hiyo tu, akasema, lakini wewe huwezi.

Huwezi! Ameninyima siri, nimejua. Hakuna mchezo wa hivyo. Nani anatengeneza mchezo wa kutocheza?

Jioni nikakumbuka kwamba kesho Nyongesa atatafuta firigisi yake. Nimeshapanga. Nina figo ya ng'ombe, kipande. Nimeichonga kwa kisu, nimeikunja, nimeishona kwa uzi, mchuzi utakuwa mzito. Firigisi kabisa. Hata jogoo mwenyewe angeapa ni yake.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kalamu ikitoboa karatasi. Si uzee. Ni hasira na vitu vingine.

Alikuja baada ya kanisa. Pikapu ina turubai, kamba, na godoro jipya la kunilaza njiani, kana kwamba nimekuwa friji. Nyongesa amenenepa, amependeza, ana mvi hapa na hapa. Akanikumbatia nikasikia harufu ya baba yake kwenye shati. Nilikaza moyo.

Akaona mashine. Akacheka. Kaseti ilipoanza kulia akaacha kucheka. Mistari ilipotokea akavuta kiti nyuma. Mtu mzima, ana watoto chuo kikuu!

Picha ikatoka mara moja. Pasi imelala. Ndunge ni muungwana, namwandikia hilo, halafu tutaendelea.

Ayuma, ungeniona. Wodi ya kwanza, kama upepo. Watoto, jikoni, mashuka. Nyongesa alisahau amekuja kunihamisha. Akawa ananiambia chunga, Mama, yuko nyuma ya mlango, na kweli alikuwepo. Ngazi. Ufunguo wa mwisho. Chumba cha mwisho.

Sikuwa na njia nyingine. Nikatoa mikono. Nikaikalia.

Bawabu akaja. Polepole, kijani, taa inaning'inia. Akafika mpaka puani kwa nesi. Akasimama. Nyongesa alikuwa ameshika mguu wa meza. Bawabu akatazama. Kisha akageuka. Akaanza kwenda zake. Geti likafunguka nyuma yake, nikauona ule mwezi.

Ndunge alisema kweli!

Lakini anipite hivyohivyo? Miaka yote ile ananifukuza, ananiua, ananipigia wimbo wake wa mazishi, leo anipe mgongo kama mimi ni kiti? Mkono ulitoka wenyewe. Nilimpiga tochi ya kisogo.

Akageuka.

Wimbo wa mazishi ukalia wote. Niliahidi kupanda pikapu bila neno, na neno langu ni neno. Nikaenda kupakua chakula.

Akanawa. Akatafuta kwenye sahani kama mtoto, akaiona, akatabasamu, akaiuma. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akavuta uzi mweusi kutoka mdomoni, mrefu, ukaja, ukaja.

"Mama," akasema taratibu. "Hii ni figo. Ya ng'ombe."

Nikatazama ukuta. Ningesema nini? Nikisema nimesahau, mimi ni mzee. Nikikiri niliitoa hongo, mimi ni mlaghai, na nimeshindwa juu yake. Macho yake yakajaa maji. Akasema hakujua nimefika huku. Akasema hata firigisi. Akainuka akatoka nje, nikasikia anafungua kamba za turubai. Nikatafuta sweta. Nilisimama katikati ya chumba sijui nianze na nini. Kitanda alichofia babu yako? Ukuta wenye alama za urefu wenu? Nikachukua sufuria, nikairudisha.

Hapo Ndunge akaingia. Alikuwa anarudisha bakuli la maua. Bakuli halirudishwi tupu, hata Ndunge anajua, alikuwa amelijaza muthokoi, mahindi na maharagwe mpaka ukingoni. Akamkuta Nyongesa mlangoni na kamba, akasalimu, akasema mbele yake kwamba ananishukuru kwa kile kitu cha jana, lakini kilikuwa kigumu, jino lake moja halikukubali, amempa paka.

Nyongesa akauliza kitu gani.

Akamwambia. Yote! Firigisi ilikuwa malipo ya pasi. Pasi ilizimwa kwa sababu ya umeme. Siri ya chumba cha mwisho iliongezewa juu. Akaeleza na blanketi, kwamba yeye alijua nimembunia uongo, alikwenda tu kutembea, Mungu akamwonea huruma. Akamalizia kwa kusema yeye alipiga simu kuhusu kibao ili niletewe ngazi, si ili nichukuliwe. Nani atamsumbua akiwa peke yake hapa?

Nyongesa aliketi juu ya godoro jipya. Akaniuliza kama nilishona figo kwa mkono. Nikasema ndiyo. Kwa sindano ipi? Ya magunia. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka kama baba yake, bila sauti, machozi mpaka shingoni.

"Mtu anayesahau hawezi kupanga hivi," akasema. "Mama, wewe ndiye yule Bawabu. Kaa na geti lako."

Alikula muthokoi yote. Ameniachia godoro. Kibao amekiondoa, amekitupa kwenye pikapu, na amemwagiza Ndunge awe ananichungulia kila asubuhi. Ndunge! Alipokwenda nilisimama barabarani mpaka moshi ukaisha. Kulikuwa na vumbi, ndiyo sababu macho yalikuwa vile.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafakari sana. Nimeona kosa langu liko wapi. Figo. Ningetumia ya mbuzi, na uzi mweupe.

Mengine yote yalikwenda nilivyopanga. Nilisema sitaondoka, sijaondoka. Bawabu alishinda kwa bahati tu, na nusura nimvunje shingo.

Ndunge alikuja asubuhi kunichungulia kama alivyoagizwa. Nikajilaza kimya, mdomo wazi, nione atafanya nini. Aliniwekea chai kando ya kitanda, akakaa, akatoa lile blanketi lake jekundu alilokuja nalo akanifunika miguu, akaniambia nikimaliza kufa niamke, chai inapoa. Nikaamka. Chai ilikuwa na tangawizi. Kuna kitu anataka, huyu. Nimeanza kumchunguza.

Mashine nimeirudisha juu ya kabati. Nilipanda ndoo.

Nyongesa amepiga simu kuuliza hali yangu, kisha akauliza, kama mtu asiyejali, ikiwa kaseti bado inafanya kazi. Nikamwambia leo asubuhi nimetoka getini, peke yangu, mikono nimeikalia. Akafurahi mno. Anataka picha: mimi, televisheni, na geti limefunguka.

Kwa hiyo ukija tena, Ayuma, na iwe wiki hii, njoo na simu yenye kamera nzuri na vidole vyako. Wewe utakaa sakafuni chini ya kitambaa cha meza, ushike mashine mapajani. Mimi nitakaa kitini mbele ya televisheni. Ukifika chumba cha mwisho utatoa mikono uishike simu ya picha, na utaniambia mapema, niwahi kuvaa sweta la bluu.